Mjomba Mbele ya Nyambizi ya Holbrook

Simu yangu ina tabia ya kunirudishia picha za zamani bila kuombwa, na juzi imeniletea ya mjomba akiwa amesimama kwenye nyasi, kofia ya viua kichwani, na nyuma yake nyambizi nyeusi. Safari yenyewe, ya kumpeleka harusini Sydney kutoka Melbourne, haina la kusimulia zaidi ya joto na chai ya chupa. Tulisimama katika mji mdogo wa Holbrook kwa sababu mjomba, aliyemaliza ujana wake kwenye meli za mizigo, aliiona nyambizi hiyo kando ya barabara, mamia ya kilomita kutoka baharini, akaamuru gari lisimame.

Aliitembea urefu wake wote, kama mita 90, akiigonga kwa kifundo cha kidole kama anayechagua nazi sokoni.

“Hii ni ganda tu,” akasema. “Tumbo lake liko wapi?”

“Halikuletwa, mjomba. Ni sehemu ya juu peke yake.”

Nikamweleza kwamba hiyo ni Otway, ya jeshi la majini la Australia, na kwamba imewekwa pale kwa heshima ya Mwingereza aliyeongoza nyambizi nyingine, ndogo mno. Mji huo uliitwa Germanton hadi mwaka 1915, ambapo Vita vya Kwanza vya Dunia viliwafanya wakazi walikimbie jina lenye Ujerumani ndani yake, wakachukua la Luteni Norman Holbrook, shujaa aliyekuwa magazetini wakati huo. Tarehe 13 Desemba 1914, akiwa na umri wa miaka 26, aliipitisha B11, nyambizi iliyokwisha kupitwa na wakati, chini ya safu tano za mabomu yaliyotegwa katika mlango-bahari wa Dardanelles, Uturuki, akaipiga kwa topido, bomu linalokwenda chini ya maji, manowari ya Kituruki, Mesudiye, ikapinduka. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu: nyambizi ilikwama kwenye kina kifupi, mnara wake ukiwa nje ya maji na mizinga ikiulenga, na dira, iliyofungwa nje ya bodi na kusomwa kupitia lenzi, ikawa haisomeki. Walijitoa kwa kubahatisha, wakaibuka baada ya kukaa chini ya maji kwa muda wa saa tisa. Holbrook akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, wa kwanza miongoni mwa wanamaji wa nyambizi.

Mjomba alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kilichomgusa hakikuwa ushujaa, bali ile dira. Alirudia mara mbili, “Bila dira, chini ya mabomu,” kisha akauliza, “Na wale wa Mesudiye?”

“Walikufa 37.”

“Mji wao uko wapi?”

Sikuwa na jibu, na sidhani alilitarajia. Holbrook aliishi hadi mwaka 1976, zaidi ya miaka 60 baada ya siku ile. Aliongoza nyambizi nyingine, akautembelea mji wenye jina lake zaidi ya mara moja, na mjane wake ndiye aliyetoa fedha nyingi zilizowezesha Otway kufikishwa pale. Lakini ukimtaja popote utaulizwa habari za Jumapili moja tu ya Desemba. Wakati mwingine huona kwamba hiyo ni bahati, wakati mwingine huona ni kifungo.

Baadaye nilisoma kwamba Mesudiye iliundwa London, na kwamba Waturuki waliopoa baadhi ya mizinga yake, wakaisimika ufukweni kuulinda mlango-bahari uleule. Nikampigia mjomba simu Tanga. Alicheka sana kuhusu London. Nilipofika kwenye mizinga akaacha kucheka, akataka kujua waliipandishaje kutoka majini, kwa kamba zipi na watu wangapi, na hayo ndiyo tuliyobishana mpaka salio likaniishia.