Mikoko haioti kwenye tope lolote tu

Ukiona safu zilizonyooka za vijiti vikavu kwenye tope, jua hapo palipandwa mikoko. Wageni walikuja, picha zikapigwa, bango likasimikwa. Mbegu hazikuwa mbovu. Zilipandwa chini mno.

Tope tupu linaloonekana maji yakikupwa huvutia kwa sababu halina mwenyewe wala ugomvi wa mipaka. Lakini ni tupu kwa sababu hufunikwa na maji saa nyingi mno kila siku. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mikoko huishi nusu ya juu tu ya kimo hicho. Kwa hiyo pimeni kwanza. Chukueni mpira mwembamba wa kuona ndani, uliojazwa maji, kama ule wa mafundi ujenzi wanaotafuta usawa wa msingi. Ncha moja ishikwe penye mti wa mwisho ulio hai upande wa bahari, nyingine mnapotaka kupanda. Ardhi yenu ikiwa chini ya huo mti, hata kwa shubiri moja, acheni. Tena angalieni ni mti gani, kwa kuwa mikoko ni jina la aina nyingi, na mkoko wenyewe ni moja tu kati ya hizo: mlilana hustahimili kukaa mbele kabisa, mkoko hufuata nyuma yake, mkandaa hutaka juu zaidi. Kupanda mkoko mahali pa mlilana ndiyo hasara inayorudiwa kuliko zote, kwa kuwa mbegu za mkoko ni ndefu na rahisi kuokota.

Swali la pili: kwa nini mikoko ilitoweka hapo? Kama ilikatwa tu na maji bado yanaingia na kutoka, mara nyingi itarudi yenyewe. Kama kuna barabara isiyo na kalvati, au tuta la shamba la chumvi lililoachwa, chumvi hujikusanya nyuma yake na hakuna mche utakaopona. Toboeni tuta, fukueni mkondo wa zamani, msubiri mwaka mmoja muone bahari inaleta mbegu gani. Kazi ya majembe matano hapo inashinda miche elfu kumi. Mchanga na udongo kutoka bara nao huua: baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mikoko mingi ya kijito cha Mwache, karibu na Mombasa, ilikufa ikiwa imesimama, kwa sababu udongo ulifukia mizizi inayopumulia. Hapo dawa iko mashambani huko juu, si ufukweni.

Ikibidi kupanda, mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya rangi ya manjano shingoni na hudondoka mti ukitikiswa kidogo. Ya kuvuta kwa nguvu bado mbichi. Tupeni zenye vitobo. Chomekeni sentimita 5 hadi 7 tu, ncha iliyochongoka chini, kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5, siku maji yanapoanza kuwa mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, ili zipate siku kadhaa bila kusukwasukwa. Mlilana una mbegu ndogo mno. Huo uotesheni kwenye viriba kwanza.

Baada ya miezi mitatu rudini mhesabu, na msome vifo vimekaaje. Safu za chini zikifa zote, kimo kilikosewa. Mashina yakitafunwa hapa na pale, ni kaa. Majani ya mchu, aina nyingine ya mikoko, yakikatwa, tafuteni mbuzi. Miche ikilala upande mmoja, ni mwani uliong'oka au vipande vya nyavu vilivyoizonga.

Msiwaahidi watu kwamba miche ya mwaka jana itazuia kimbunga. Msitu mzima wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wa mizizi na kina cha maji. Lakini bahari nzima inaposukumwa juu na dhoruba, msitu hupunguza sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 2024, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na kupandisha vyombo mapema ni mambo ambayo mti wowote usingeyafanya badala ya watu.

Na bahari ikipanda, mikoko hurudi nyuma kidogo kidogo, mradi nyuma pawe na nafasi. Ikikuta ukuta wa hoteli au nyumba, inabanwa na kuisha. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Wekeni vigingi kwenye mstari wa bamvu kubwa la mwaka, hesabuni mita hizo kuelekea bara, na serikali ya kijiji iandike kwenye muhtasari wa mkutano kwamba viwanja vya eneo hilo havigawiwi. Fanyeni hivyo kabla ya kununua hata kiriba kimoja.