Kumrekodi mzee wa studio, Ngamiani

Jioni hii nawaza mikono kuliko uso. Wengi wanaotaka kumtengenezea filamu mpiga picha mzee, kama wale wa studio za mtaa wa Ngamiani, Tanga, enzi za mkanda, humkalisha kitini na kumhoji. Mimi naona kazi itangulie. Mpe shikamoo, kunywa naye kahawa, kisha mwombe asafishe mkanda mmoja. Maneno yatakuja akiwa kazini.

Na kazi yenyewe ina mambo yake hapa Tanga. D-76, dawa ya kusafishia mkanda, kwa kawaida hutumika kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba ya pwani ni vuguvugu. Chupa ya dawa hukalishwa kwenye beseni la maji ya barafu. Barafu haitiwi ndani ya dawa, itaizimua. Joto likigoma kushuka, mzee hufanya kazi kwa nyuzi 24 na kupunguza muda kwa kama theluthi: dakika 10 huwa 7. Ukishuka chini ya dakika 5, picha hutoka na mabaka. Maji ya kusuuzia nayo yakipishana mno na dawa kwa joto, utando wa mkanda hukunjamana. Kaa na kamera hapo, kwenye kidole kinachopapasa chupa kabla ya kipimajoto. Watu huukata upande huo wakidhani haupendezi, nami huona ndiyo filamu yenyewe.

Chumba cha giza kina masharti. Mkanda unapopakiwa kwenye tangi, giza liwe totoro; rekodi sauti tu. Wakati wa kuchapa, taa nyekundu ipo, lakini skrini ya kamera yako itaiunguza karatasi. Izime, zima na taa ya kusaidia fokasi, ziba kila kitaa kwa utepe mweusi, fokasi uiweke kwa mkono. Jaribu kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha karatasi ya picha, kiache dakika 5 pale kamera itakaposimama, kisha kisafishe. Ukiona duara jeupe, mwanga unavuja.

Feni huharibu sauti, na bila feni mzee atachoka kwa joto. Rekodi vipande vifupi, mlango ufunguliwe kati ya kipande na kipande, karatasi zikiwa zimefungwa kwenye boksi lake.

Halafu maboksi ya negativu, ile mikanda ya zamani iliyokwisha kusafishwa. Nusa kwanza. Harufu ya siki ina maana mkanda umeanza kuoza kwa joto na unyevu, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa mingine. Utenge siku hiyo hiyo.

Usiinue negativu mbele ya kamera kabla ya kumuuliza mzee ni ya nani. Humo mna akina mama na mabibi harusi waliopigwa bila buibui, picha za kukaa ndani kwa jamaa zao tu, na yeye amezitunza kama amana. Andikeni pamoja, boksi kwa boksi, zipi zionyeshwe na familia ipi iombwe ruhusa kwanza.