Kigoma hadi Buyenzi, nikiutafuta mwaka 1961

Nilitoka Kigoma alfajiri kwa haisi ya Manyovu, mfukoni nina pasipoti, kadi ya homa ya manjano na jina la mtaa mmoja tu wa Bujumbura: Buyenzi. Babu yangu aliwahi kuuza vitenge huko, enzi ambazo mji ukiitwa Usumbura. Ukimuuliza habari za uhuru wa Tanganyika, alikuwa anaanzia Burundi. "Desemba sisi tunapiga ngoma," alikuwa akisema, "wenzetu hata matanga hayajaisha." Matanga hayo yalikuwa ya Louis Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi aliyeuawa Oktoba 1961.

Mpakani hakukuwa na foleni. Upande wa pili, Mugina, nikabanwa kwenye Probox na abiria wengine sita, na kabla hata ya kutaja nauli dereva akaniuliza kama nimebeba petroli. Mafuta ya gari Burundi yamekuwa shida miaka hii, na mtu anayetoka Tanzania hutazamwa kama kisima kinachotembea.

Ukishateremka Nyanza-Lac, ziwa linakaa kushoto kwako mpaka Bujumbura. Rumonge tulisimama kati ya michikichi na madumu ya mawese. Nikauliza bei ya mgebuka. Mama muuzaji akacheka: "Mgebuka ndiyo nini? Huyu ni mukeke." Ziwa moja, samaki mmoja.

Buyenzi nilijiona nimefika Ujiji, isipokuwa kwa mafundi magari. Kila barabara, nazo zina namba, miguu imechomoza chini ya gari fulani. Mzee niliyeelekezwa, jirani wa babu, alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia "Waalaikumu salaam," nami nikajua nimesahihishwa.

Mwaka 1961 alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini habari yake haikuanzia hapo. Ilianzia kwenye ushirika. Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alirudi kutoka masomoni Ubelgiji, na mwaka 1957 akaanzisha vyama vya ushirika ili biashara isibaki mikononi mwa wageni. Wafanyabiashara Waswahili wa mji huu walikuwa miongoni mwa waliomwunga mkono mapema. Hapo nikaelewa kwa nini babu, muuza vitenge, alikuwa akimtaja mwana wa mfalme kama anavyotajwa mtu wa ukoo.

Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Burundi, walimfungia nyumbani, na chama chake, UPRONA, kikashindwa uchaguzi wa Novemba. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukasimamia uchaguzi mwingine. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ikachukua viti 58 kati ya 64. Tarehe 28 mwezi huohuo Rwagasore akawa waziri mkuu, umri miaka 29. Tarehe 13 Oktoba, usiku, amekaa mezani Hotel Tanganyika, akapigwa risasi akafa.

Siku kumi na tano. Nilizihesabu kwa vidole pale barazani, mzee akinitazama.

Aliyefyatua bunduki ni Mgiriki, Jean Kageorgis. Nyuma yake walikuwapo wakubwa wa chama pinzani cha PDC, wakiwemo Ntidendereza na Biroli, watoto wa chifu Baranyanka. Kageorgis alihukumiwa kifo, akauawa 30 Juni 1962, uhuru ukiingia kesho yake. Januari 1963 wengine watano wakanyongwa Gitega. Mkono wa Ubelgiji ulifika wapi ni swali ambalo Warundi hawajaacha kuliuliza.

Wapo wanaosema angeishi, Burundi isingeona damu iliyokuja kuonekana. Mimi siwezi kusema hivyo; mtu wa siku kumi na tano hajapata hata nafasi ya kukosea. Ninachokiona ni kwamba Wahutu na Watutsi walikuwa ndani ya chama kimoja chini yake, na alipoondoka tu, wakubwa wa chama wakaanza kugombea nani amrithi.

Nikamuuliza mzee kama walisikia mlio. "Hapana. Hoteli ilikuwa huko ziwani. Nilichosikia ni milango ya maduka asubuhi. Haikufunguliwa. Mtaa wote huu, kimya, mpaka mama akanizuia nisipige mpira."

Kesho yake nilitaka kupanda naye Vugizo, kwenye kilima alikozikwa Rwagasore. Akakataa. "Mlima ule nilishaupanda siku ya mazishi, peku. Nenda wewe."

Nilienda peke yangu. Nilisimama kwenye matao ya kaburi, mabati ya mji yakimeta chini, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo kama moshi. Niliporudi mzee hakuuliza habari za kaburi.

"Ziwa bado linaonekana kutoka kule?"

"Linaonekana, babu. Lote."

Akamimina kahawa nyingine.