Chumba kwanza, spika baadaye

Rafiki zangu wanajua napenda muziki, kwa hiyo mtu akipata fedha na kutaka spika za maana, simu inalia kwangu. Swali ni lilelile: ipi bora kabisa? Nami humuuliza: chumba chako kina urefu gani, na utakaa wapi? Wengine huona nawazungusha.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2, yaani nusu ya wimbi hilo inaenea humo ukuta hadi ukuta. Matokeo yake noti hiyo hujaa kupita kiasi kwenye kuta na kufifia katikati. Nikisogeza kiti katikati ya chumba, mpiga besi anapotea. Nikiegemea ukuta wa nyuma, ananguruma hadi mlango wa kabati unatetemeka. Spika ni zilezile, wimbo ni uleule. Sasa niambie, ukiniletea humu spika refu za kusimama sakafuni, kila moja na wufa mbili, yaani vipaza vikubwa vya besi, umenisaidia nini? Twita ya almasi, kile kipaza kidogo cha sauti nyembamba, ni kazi ya ufundi na naiheshimu, ila haitaondoa hata chembe ya ngurumo ile.

Ningekuwa na ukumbi, ningetafuta spika za Quad za umemetuli za mwaka 1957, zile za Peter Walker. Hazina boksi wala wufa ya kawaida, ni utando mwembamba tu unaovutwa na kusukumwa kwa umeme, na ndiyo maana sauti ya mwimbaji inatoka safi bila mlio wa mbao. Hazipigi kwa kishindo, wala besi yake haishuki sana. Tena zinatoa sauti nyuma kama zinavyotoa mbele, kwa hiyo ukizibana ukutani umeziharibia. Kwa sebule yangu, hapana.

Spika yoyote ninayoifikiria naipima kwa sauti ya dada yangu. Nilimrekodi uani akisoma gazeti, kwa maikrofoni nzuri, mbali na kuta ili mwangwi usiingie. Sauti hiyo naijua tangu utotoni, siwezi kudanganywa. Zipo spika za bei ya kutisha ambazo dada huzungumza humo kana kwamba kaingiza kichwa mtungini. Nyingine zinakaza herufi s na sh zake hadi meno yangu yanakufa ganzi, na hapo najua tatizo liko kwenye twita. Mafundi wa BBC waliotengeneza LS3/5A miaka ya 1970, kijispika cha kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, nao walijali sana sauti ya mtu anayezungumza. Ngoma inaweza kuongezewa uzito usigundue, sauti ya ndugu yako haiwezi.

Muhimu, ukilinganisha spika mbili, zilinganishe kwa ukubwa uleule wa sauti. Sikio hupendelea inayolia kwa nguvu zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo, na muuzaji mjanja analijua hilo. Mimi hutumia programu ya simu ya kupima desibeli, kisha nafumba macho na kumwomba mtu abadilishe bila kuniambia. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alifanya majaribio ya namna hiyo Kanada kwa miaka mingi, spika zikiwa nyuma ya pazia, na wasikilizaji walikubaliana kuliko mtu angetarajia. Walipenda spika ambazo mbele hutoa sauti nene na nyembamba kwa nguvu sawa, na ambazo sauti yake hubadilika taratibu unaposogea pembeni.

Amplifaya nitaisema kwa kifupi. Spika huandikwa desibeli inazotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake; ya desibeli 84 inataka wati mara nne ya zile za spika ya desibeli 90 ili zifikie ukubwa mmoja. Na usiishie kwenye maandishi ya “omu 8”, yaani kiasi ambacho spika inazuia umeme. Tafuta mchoro wa omu hizo kuanzia besi hadi sauti nyembamba, kwa sababu spika nyingine hushuka hadi omu 3 kwenye besi, na hapo amplifaya ndogo inatoka jasho.

Kwa chumba kama changu nimeegemea upande wa maboksi madogo yaliyozibwa kabisa, yasiyo na tundu, juu ya stendi nzito, na sabufa moja, spika ya besi pekee, ya kuanzia hezi 80 kushuka chini. Wenye kiburi cha sauti safi huinua pua wakisikia sabufa. Waache. Faida yake ni kwamba besi unaiweka panapoifaa, na spika kuu panapofaa sauti za watu. Kupata mahali pa sabufa, iweke kwenye kiti chako, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kandokando ya kuta ukisikiliza. Noti zote zinaposikika kwa uzito mmoja, weka alama ya chaki, kisha hamishia sabufa hapo. Kwangu ikawa nyuma ya kochi, karibu theluthi ya ukuta. Kona ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.