Meli tatu, simu moja

Saa kumi alfajiri simu imeita. Nahodha.
"Ofisa wangu wa kwanza kateleza ngazini. Mkono umevunjika."

Mimi ndiye ninayepanga mabaharia, na kampuni yetu ina meli tatu tu za mafuta. Ofisa wa akiba hatuna.

Na si kila baharia anafaa! Lazima awe na cheti cha meli za mafuta cha STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, tena wakodishaji wa meli wanajumlisha uzoefu wa nahodha na ofisa wake wa kwanza. Nahodha mpya na ofisa wa kwanza mpya? Meli inaweza kukataliwa.

Saa tano nimempata mmoja, ameshuka melini wiki mbili tu zilizopita. Nyuma yake nikasikia sauti ya mtoto: "Baba, nani huyo?"

Akanyamaza.
Kisha: "Nitumie tiketi."

Chai yangu imepoa mezani.

Mnaopanga mabaharia, nyie usiku mnalalaje?