Hils nunua jioni

Jumapili nilikuwa soko la Kibuye kwa yule mama huniuzia viatu vya mitumba. Saa tatu asubuhi nikaona hils za maruni, viatu vya kisigino kirefu, nzuri kabisa, nikamwambia aniwekee nitakuja kuzijaribu saa kumi na moja. Akafikiri namhepa. Lakini Kisumu hii yetu na joto lake, ukishinda umesimama miguu inafura, na kiatu kilichoingia vizuri asubuhi jioni kinakufinya kidole cha mwisho mpaka unatembea umeuma meno. Na jaribu vyote viwili jameni, maana watu wengi mguu mmoja umeushinda mwingine kidogo, fuata ule mkubwa.

Haya nimeyajua kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mapokezi, na bosi alitaka wasichana wote wavae hils, kusimama kuanzia saa mbili hadi jioni, kiti hakuna. Nikanunua stileto za inchi 4, zile za kisigino chembamba, zimechongoka mbele. Wiki ya pili nilivua kiatu chooni nikakuta stokingi imegandana na lengelenge, kuivuta ikatoka na ngozi, alama iko hadi leo. Wanaume wa hapo walivaa viatu flati na hakuna aliyeambiwa hajapendeza. Hiyo bado inaniuma.

Na bado nazipenda hils, sana. Nikivaa na gauni la kitenge mgongo unanyooka wenyewe. Ila siku hizi naangalia kisigino kinene, inchi 2 au 3, kilichokaa chini kabisa ya kisigino changu, sio kimesukumwa nyuma. Kikipanda sana uzito wote unaenda mbele chini ya vidole, ndio maana hapo ndipo huwaka moto. Kama lazima kiwe kirefu basi soli ya mbele iwe nene pia, kisigino cha inchi 4 na soli ya mbele inchi 1 mguu unakisikia kama cha 3. Halafu nakiweka mezani nakigusa, kikitingika narudisha. Mitumba pia iangalie gundi na ukunje soli, maana kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa soli inaweza kumeguka ukiwa njiani.

Dada yangu yeye ni stileto tu, weji, zile soli na kisigino vimeungana, anasema ni za kina shosho. Mwezi uliopita tulikuwa harusi ya gadeni, mvua ilikuwa imenyesha usiku, kila hatua kisigino kinazama kwenye nyasi, mwisho akazibeba mkononi. Mamangu yeye anataka kamba ya kifundoni, bila kamba hata umpe bure hachukui, na rafiki yangu mwalimu anapanda matatu na raba halafu anabadilisha getini.

Zile za maruni nilirudi nikazichukua, 800. Fundi akaziwekea raba mpya chini ya visigino ili zisiteleze kwenye tailsi, na jana nimeshinda nazo kazini mpaka saa kumi na moja bila kuzivua hata mara moja.