Filamu na siasa za Marekani: nionyeshe karatasi

Kila mpenda sinema ana mfano wake wa filamu iliyogeuza historia ya Marekani. Mingi ya mifano hiyo haisimami. Kipimo changu ni kikavu: iko wapi karatasi? Agizo, sheria au hukumu, yenye tarehe na sahihi, pamoja na ushahidi kwamba aliyetia sahihi aliiona filamu, au alisukumwa na walioiona.

Mfano ulionyooka kuliko yote ni WarGames. Ilitoka 3 Juni 1983. Kijana anapiga namba za simu moja baada ya nyingine kwa modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa njia ya simu, anaangukia kompyuta ya jeshi inayosimamia makombora ya nyuklia, naye anadhani amepata michezo. Kesho yake, Jumamosi, Rais Ronald Reagan aliitazama Camp David, makazi ya mapumziko ya marais. Siku chache baadaye, katikati ya kikao, akamgeukia Jenerali John Vessey, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi: jambo kama hili laweza kutokea kweli? Vessey alikwenda kuuliza, akarudi baada ya wiki moja na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko rais anavyodhani. Tarehe 17 Septemba 1984 Reagan alitia sahihi agizo la usalama wa taifa namba 145, kuhusu ulinzi wa mawasiliano na kompyuta za serikali.

Wasimuliaji wengi huanzia Camp David na kuusahau mwanzo wenyewe. Waandishi wa skripti, Lawrence Lasker na Walter Parkes, walikuwa na wasiwasi kwamba kisa chao hakiaminiki, wakamtafuta Willis Ware wa taasisi ya utafiti ya RAND. Ware akawaambia kompyuta ile inatakiwa iwe imefungwa kwa watu wa nje, lakini wapo maofisa wanaotaka kufanya kazi wakiwa nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo upenyo huachwa. Ware huyo huyo ndiye aliyeongoza ripoti ya mwaka 1970 iliyoionya Wizara ya Ulinzi juu ya usalama wa kompyuta. Onyo lilikuwapo kwenye makabati kwa miaka 13. Filamu haikugundua tatizo. Ilimfanya rais aulize swali ambalo jenerali hawezi kulikwepa.

Na agizo lenyewe lilikuja na kasoro. Liliipa NSA, shirika la kunasa mawasiliano, mkono katika kompyuta za ofisi za kiraia pia. Wabunge wengi waliona huko ni kumkabidhi fisi bucha, na sheria ya usalama wa kompyuta ya mwaka 1987 ikazirudisha zile za kiraia kwa taasisi ya taifa ya viwango.

Linganisha na The Day After, filamu ya televisheni ya ABC juu ya vita vya nyuklia, iliyotazamwa na watu wapatao milioni 100 tarehe 20 Novemba mwaka huo huo wa 1983. Reagan aliiona Oktoba na kuandika katika shajara yake kwamba ilimwacha na huzuni kubwa. Hapo ndipo watu huruka hadi mkataba wa kuondoa makombora ya nyuklia aliousaini na Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Desemba 1987. Lakini ukiendelea kuisoma shajara ile ile, anasema lazima wafanye kila wawezalo kuwa na silaha za kumzuia adui, na vita visitokee kamwe. Mwenye kutaka kuongeza silaha na mwenye kutaka kuzipunguza wote wawili wataokota ushahidi hapo. Miaka minne katikati ni mingi mno.

JFK ya Oliver Stone, Desemba 1991, juu ya kuuawa kwa Rais John F. Kennedy mjini Dallas mwaka 1963, ni kioja zaidi, kwa sababu kama somo la historia haifai. Inachanganya picha halisi za mauaji ya Dallas na vipande vya kuigiza vilivyopakwa sura ya zamani, na mtazamaji hajui mshono uko wapi. Ila mwishoni ilitaja jambo moja la kweli: mafaili ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza mauaji hayo yalikuwa yamefungwa hadi 2029. Hilo mbunge analiweza. Huwezi kutunga sheria ya kumtaja muuaji, lakini unaweza kufuta tarehe. Tarehe 26 Oktoba 1992 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria ya nyaraka za Kennedy: kila waraka uhesabiwe kuwa wa wazi mpaka ofisi inayoushikilia itoe sababu ya kuuficha, bodi ya raia watano ihukumu, na ndani ya miaka 25 kila kitu kiwe nje. Mlango mmoja uliachwa: rais anaweza kuahirisha. Trump aliutumia ilipofika 2017, Biden akaufuata, na shehena kubwa ya Machi 2025 ilipotolewa haraka haraka, namba za hifadhi ya jamii za watu walio hai zikatoka nazo.

Ya kutisha ni The Birth of a Nation, filamu bubu iliyoitukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowashambulia Weusi, kwa kuwa hapo siasa iliingia kwenye filamu kwanza. Maandishi kati ya picha yalinukuu kitabu cha historia cha Woodrow Wilson, kisha Wilson, sasa rais, akaonyeshwa filamu hiyo Ikulu tarehe 18 Februari 1915. Novemba, William Simmons aliifufua Ku Klux Klan juu ya Stone Mountain, karibu na Atlanta, siku chache kabla filamu haijafika mjini humo, na wakachoma msalaba. Klan ya kwanza haikuwa na desturi hiyo. Ilitoka katika riwaya ya Thomas Dixon, ambayo ndiyo iliyozaa filamu.

Siku tano baada ya onyesho la Ikulu, Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka Ohio, kwamba filamu ni biashara tu na haina kinga ya uhuru wa kujieleza. Ohio ikawa miongoni mwa majimbo yaliyoipiga marufuku The Birth of a Nation, na mwongozaji wake, D. W. Griffith, akachapisha kijitabu mwaka 1916 kulalamikia kufa kwa uhuru huo. Hukumu ile ilidumu hadi 1952.